Nilipe ada yote mara moja au kwa awamu? Barua ya anayejiunga na chuo cha uuguzi

Shikamooni washauri,

Nimepata nafasi ya kusoma stashahada ya uuguzi katika chuo cha afya cha binafsi. Kozi ni ya miaka 3, mihula 6. Barua ya udahili imekuja na karatasi moja ya ada. Nimeisoma hadi imechakaa na bado sijaielewa yote. Sitaji chuo wala sarafu. Chukulieni tu kwamba ada ya muhula ni 1,000 ili hesabu iwe rahisi kufuata.

Karatasi inasema hivi. Nilipe 150 ndani ya siku 10 kuthibitisha nafasi, na hiyo hairudishwi. Nikilipa ada yote ya muhula kabla ya siku ya kufungua chuo napata punguzo la asilimia 3. Nikishindwa, nalipa kwa awamu 4 za 260 kila moja: ya kwanza siku ya usajili, nyingine kila mwezi. Awamu ikichelewa kuna faini ya 20 kwa wiki. Anayeacha masomo kabla ya chuo kufunguliwa anarudishiwa ada yote, wiki ya kwanza asilimia 80, wiki ya pili 60, wiki ya tatu na ya nne 40, kuanzia wiki ya tano harudishiwi kitu. Chini kabisa, kwa maandishi madogo: "Ada inaweza kubadilika" na "Mwenye deni hataruhusiwa kufanya mtihani wala kupewa matokeo."

Nina akiba ya 600. Mjomba wangu anayeishi nje ya nchi ameahidi kujazia kila muhula, na anasema anaweza kutuma yote kwa mara moja au kidogo kidogo, nichague mwenyewe. Rafiki yangu ananishauri nichukue awamu hata kama hela yote ipo, kwa kuwa nikikatisha masomo sitakuwa nimepoteza nyingi. Mama anataka nilipe yote nimalize.

Naomba mnisaidie: nani yuko sahihi kati yao? Kuna gharama gani ambazo hazimo kwenye karatasi hii? Mjomba atume vipi hela zisipotee njiani? Nikifeli somo, au nikiugua nikaahirisha, ada inakuwaje? Na la mwisho ni dogo: sare na vifaa nilazimike kununua chuoni?

Mwenye Nafasi Mkononi

Marahaba, mwanetu, na hongera kwa nafasi.

Kabla hatujagusa awamu, shika kwanza hiyo 150, maana ndiyo yenye saa inayokimbia. Usiilipe hadi uhakikishe jambo moja: kwamba kozi yenyewe inatambuliwa na baraza la uuguzi la nchi utakayofanyia kazi. Kuna usajili wa aina mbili na watu huuchanganya. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa kihalali kama chuo, kina hati ukutani, lakini programu ya uuguzi ya ngazi hiyo, kwenye kampasi hiyo, ikawa bado haijaidhinishwa na baraza. Anayehitimu programu ya namna hiyo huweza kukataliwa kufanya mtihani wa leseni, na bila leseni haajiriwi kama muuguzi. Usitosheke na neno la ofisi ya udahili. Tafuta orodha ya baraza lenyewe au wapigie simu, ukitaja jina kamili la programu, ngazi na kampasi. Ukiambiwa "maombi ya ithibati yanashughulikiwa", maana yake ithibati haipo.

Kozi ikiwa safi, bado iulize ofisi ya uhasibu mambo mawili kuhusu hiyo 150, na majibu uyatake kwa maandishi. Je, inakatwa kwenye ada ya muhula wa kwanza au ni nyongeza juu ya 1,000? Na je, hairudishwi hata pale ambapo chuo chenyewe ndicho kimeahirisha kozi kwa kukosa wanafunzi wa kutosha? Hilo la pili vyuo vingi hukubali kurudisha, lakini karatasi huwa imeandikwa kijumla tu "hairudishwi", na siku ya mzozo kinachosomwa ni karatasi.

Sasa mama na rafiki. Kwa hesabu, mama ameshinda, tena kwa mbali.

Ukilipa yote unatoa 970. Ukilipa kwa awamu unatoa 260 mara 4, yaani 1,040. Tofauti ni 70. Inaonekana ndogo ukiilinganisha na 1,000, lakini si hivyo inavyopimwa. Siku ya usajili mwenye awamu tayari anatoa 260, kwa hiyo chuo kinamkopesha 710 tu (970 ukitoa 260). Hizo 710 anazirudisha kwa miezi 3 akiwa amelipa 780. Na hakai nazo zote miezi 3. Baada ya mwezi mmoja keshapunguza, baada ya miwili keshapunguza tena. Ukipiga hesabu ya riba kwa deni linalopungua namna hiyo, inafika karibu asilimia 5 kwa mwezi. Huo ni mkopo ghali. Karatasi haitaji neno riba mahali popote. Imeandika "punguzo" upande mmoja na awamu za 260 upande mwingine, basi. Jumlisha awamu mwenyewe, usisubiri waandike jumla.

Kwa hiyo kama mjomba anaweza kutuma yote kwa mara moja, lipa yote. Kuna sharti moja tu: baada ya kulipa, ubaki na hela ya wiki 6 za mwanzo, ambazo chuo cha afya hula fedha kuliko kingine chochote (tutafika hapo). Ikiwa kulipa 970 kutakuacha mtupu, chukua awamu muhula huu wa kwanza na ulipe yote muhula unaofuata. Na usikope kwingine ili upate punguzo la asilimia 3 kabla hujalinganisha: mkopo unaotoza zaidi ya hiyo asilimia 5 kwa mwezi unakurudisha nyuma.

Kuna njia ya katikati ambayo haimo kwenye karatasi lakini baadhi ya ofisi za uhasibu huikubali ikiombwa mapema: malipo mawili, nusu siku ya usajili na nusu kabla ya wiki ya 6, bila nyongeza na bila punguzo. Andika ombi kabla chuo hakijafunguliwa. Ukiomba baada ya awamu kuchelewa, ombi hilohilo linasomwa kama kisingizio.

Rafiki yako ana hoja inayovutia, ila ameikosea kwenye mzizi. Kwa kawaida asilimia za marejesho hazihesabiwi kwa kiasi ulicholipa. Zinahesabiwa kwa ada uliyotozwa. Siku unaposajiliwa kwa muhula, mfumo wa chuo unaandika kwamba unadaiwa ada nzima, uwe umelipa yote au robo. Chukua mfano wa mwanafunzi anayeacha wiki ya tatu. Kwa jedwali lako, chuo kinabaki na asilimia 60. Aliyelipa 970 anarudishiwa kama 388, au pungufu kidogo iwapo chuo kitafuta lile punguzo. Aliyelipa awamu moja ya 260 harudishiwi kitu. Bado anadaiwa 340, na pengine na ile nyongeza ya awamu juu yake. Wote wawili wamepoteza takribani 600. Akiacha wiki ya tano, mwenye awamu anadaiwa muhula mzima, na faini ya 20 kwa wiki inaendelea kupanda wakati yeye yuko nyumbani akidhani mambo yameisha.

Tofauti iliyopo kweli ni nani anamshika mwenzake. Aliyelipa yote ndiye anayeisubiri hela yake toka chuoni, na marejesho hayaendi mbio. Hilo ni la kuzingatia kama una wasiwasi na uimara wa chuo chenyewe; lakini ukiwa na wasiwasi wa aina hiyo, tatizo lako si awamu.

Jambo linalowaumiza watu wengi kwenye jedwali hilo ni tarehe. Kwa kawaida wiki ya kuacha haihesabiwi kuanzia siku ya mwisho uliyoonekana darasani. Inahesabiwa kuanzia siku fomu ya kuacha masomo ilipopokelewa na ofisi ya msajili. Kumwambia mwalimu, kumwambia mlezi wa wanafunzi, kuacha ujumbe kwenye kundi la darasa, hakuna hata kimoja kinachosimamisha hesabu. Jaza fomu, ipeleke kwa msajili, na urudi na nakala yenye muhuri na tarehe, hata kama utaambiwa si lazima. Uliza pia wiki ya kwanza inaanza lini: siku ya kufungua chuo, au siku masomo yanapoanza? Kati ya hizo mbili mara nyingi kuna wiki nzima ya usajili na utambulisho, na wiki moja kwenye jedwali lako ni asilimia 20.

Tuje kwenye gharama ambazo karatasi imezinyamazia. Kinachokitofautisha chuo cha afya na vyuo vingine ni mazoezi kwa vitendo hospitalini, na huko ndiko hela inakotokea bila kuaga. Hospitali haimpokei mwanafunzi kwa barua ya chuo peke yake. Inataka ushahidi wa chanjo ya homa ya ini B, na hii ni dozi 3: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu mwezi wa 6 tangu ile ya kwanza. Baada ya hapo hupimwa kama kinga imejijenga, mwezi 1 hadi 2 tangu dozi ya mwisho. Piga hesabu mwenyewe: anayeanza chanjo siku ya kufungua chuo anamaliza muhula wa pili umeshika kasi. Baadhi ya vituo hupokea mwenye dozi 2, vingine havitaki kusikia. Mwanafunzi aliyekosa kupangiwa wodi kwa sababu ya chanjo hurudi kuzifidia saa hizo baadaye, na saa za kufidia mara nyingi zina bei yake. Anza chanjo wiki hii, kabla hata ya kununua sare.

Kipimo cha ngozi cha kifua kikuu nacho kina mtego mdogo. Unachomwa leo, unarudi kusomwa kati ya saa 48 na 72. Ukipitisha, jibu halifai, unachomwa upya na unalipa upya. Usichomwe siku ambayo ukihesabu saa hizo unaangukia kituo kimefungwa. Halafu kuna cheti cha tabia njema cha polisi, ambacho vituo vingine hutaka kiwe kipya kila mwaka, na cheti cha kuokoa maisha, kile cha kufufua moyo uliosimama kwa kukandamiza kifua, ambacho kwa kawaida hudumu miaka 2. Kozi yako ni miaka 3. Utakilipia mara mbili.

Bima iangalie kwa macho mawili. Vyuo vingi hutoza bima kila mwaka, lakini neno hilo hufunika vitu vitatu tofauti: matibabu ya kawaida ukiugua, ajali ukiwa mazoezini, na madai ya mgonjwa aliyedhurika mikononi mwako. Uliza yako ina kipi. Swali la kuulizia ni hili hasa: nikijichoma na sindano iliyotumika wodini saa 8 usiku, nani analipa? Dawa za kuzuia VVU hutakiwa zianze haraka iwezekanavyo, na zisipite saa 72, kisha zitumike siku 28, na kuna vipimo vya kufuatilia. Huo si wakati wa kuanza kutafuta karatasi ya bima. Ukijibiwa kwamba bima ya chuo haihusiki na tukio hilo, uliza hospitali ya mazoezi ina utaratibu gani kwa wanafunzi.

Nauli na malazi ya kwenye fildi ni pigo jingine. Kituo unapangiwa, huchagui. Kinaweza kuwa mbali na hosteli uliyokwisha kulipia, na zamu ya usiku humalizika au huanza saa ambazo usafiri wa kawaida ni wa taabu. Uliza kama chuo kina gari, kama hosteli hurudishiwa hela kwa wiki ambazo hukulala, na kama kuna vituo vya mbali katika mwaka wa 2 na wa 3. Wanafunzi wa mwaka wa pili watakujibu swali hili kwa dakika 5, tena vizuri kuliko ofisi yoyote.

Mwisho wa safari kuna ada ya mtihani wa leseni na ada ya kusajiliwa na baraza, ambazo hulipwa kwa baraza lenyewe, nje kabisa ya karatasi ya chuo. Watu humaliza mihula 6 wakiwa wamekauka, na ndipo hizo zinapodaiwa. Ziweke kwenye bajeti tangu sasa.

Kuhusu yale maandishi madogo, "Ada inaweza kubadilika": andika kuuliza kama ada ya kundi lenu imefungwa kwa miaka yote 3 au hupanda kila mwaka. Jibu likiwa la mkwepo, panga kama vile inapanda. Kwa mfano tu, ikipanda asilimia 5 kila mwaka, mwaka wa 1 ni 2,000, wa 2 ni 2,100, wa 3 ni 2,205, jumla 6,305 badala ya 6,000 uliyomtajia mjomba. Mtajie hiyo kubwa.

Na tukimfikia mjomba: hela ya nje mara nyingi hufika ikiwa pungufu, na upungufu mdogo ndio wenye madhara makubwa. Anatuma 400, benki ya katikati inakata gharama zake, chuoni inaingia 385. Mfumo hauoni nia njema. Unaona deni la 15. Wiki ya mitihani jina lako linakosekana kwenye orodha ya walioruhusiwa, na foleni ya uhasibu imezunguka jengo.

Kwenye fomu ya benki ya kutuma nje kuna sehemu ya kuchagua nani anabeba gharama, kwa herufi OUR, SHA au BEN. OUR ni mtumaji kubeba zote, SHA ni kugawana, BEN ni mpokeaji. Mjomba achague OUR. Hata hivyo aongeze kidogo juu, kwa kuwa hata OUR wakati mwingine hukatwa mahali. Kinachozidi hubaki kama salio lako la muhula unaofuata. Atume kwa sarafu ambayo ada imeandikwa, asitume kwa sarafu ya huko aliko na kuiachia benki ya chuo ibadilishe kwa kiwango inachotaka. Kwenye sehemu ya maelezo ya malipo aandike namba yako ya usajili kwanza, kisha jina lako. Akiandika jina lake yeye na maneno "ada ya mpwa wangu", hela itaingia kwenye akaunti ya chuo na kukaa huko bila mwenyewe hadi mtu aje aitafute. Na baada ya kutuma aombe benki yake impe nakala ya hati ya uhamisho kati ya benki (zamani ikiitwa MT103, sasa pacs.008), akutumie. Hiyo ndiyo inayoonyesha hela imepita wapi; picha ya skrini ya simu haimsaidii mhasibu kuitafuta.

Aanze kutuma wiki 2 kabla ya tarehe ya mwisho. Uhamisho wenyewe unaweza kuchukua siku 1 hadi 5 za kazi, na chuo nacho kina siku zake za kuoanisha malipo na majina.

Mweleze mjomba pia jambo hili mapema ili lisije likaleta maneno ndani ya ukoo: ikitokea marejesho, vyuo vingi huirudisha hela kwenye akaunti ilikotoka, si kwa mwanafunzi. Alicholipa mjomba kitarudi kwa mjomba. Ndiyo sababu ni vyema akiba yako uilipe wewe kwa jina lako, na sehemu yake aitume yeye moja kwa moja chuoni.

Kuna utapeli wa msimu huu unaowalenga hasa walipaji walio mbali. Mjomba anapata barua pepe yenye nembo ya chuo, ikisema akaunti ya benki imebadilika, na pengine kuna punguzo kwa atakayelipa leo. Asilipe. Wewe uliye karibu upige simu kwa namba iliyo kwenye barua yako ya udahili, si namba iliyo kwenye ujumbe huo. Akaunti yenye jina la mtu binafsi, awe mhasibu au mkuu wa chuo mwenyewe, usiiguse. Vilevile na "dalali wa nafasi" anayeomba apitishie yeye ili akuharakishie.

Suala la kuzuiwa mtihani linaepukika kwa tabia moja ya kuchosha: kila baada ya malipo, fungua akaunti yako kwenye mfumo wa wanafunzi, subiri siku 3 za kazi, uone salio limebadilika. Stakabadhi ya benki inathibitisha kwamba ulilipa. Haithibitishi kwamba chuo kimekuandikia. Omba taarifa kamili ya akaunti yako mwezi mmoja kabla ya mitihani. Hapo ndipo huonekana faini ya kitabu cha maktaba, tozo ya kitambulisho, 20 ya awamu iliyochelewa siku 2. Mfumo haujali ukubwa wa deni. Uliza pia kama malipo huingia kwenye ada kwanza au kwenye faini kwanza. Pale yanapokatwa faini kwanza, awamu uliyoilipa kikamilifu inabaki pungufu, na upungufu huo unazaa faini nyingine. Ukiiona, iombee kufutwa kwa barua mara moja, ukiambatisha stakabadhi yenye tarehe.

Kwa muuguzi, deni la mwisho lina uzito wa pekee, kwa sababu mabaraza mengi hutaka transkripti, yaani hati ya matokeo yako yote, itoke chuoni moja kwa moja. Chuo kisipoituma, huwezi kufanya mtihani wa leseni. Kuna nchi na majimbo ambako sheria inakataza chuo kushikilia transkripti kwa sababu ya deni. Angalia sheria ya kwenu, lakini usiipangie bajeti.

Ukifeli somo, la kwanza ni sapu, yaani mtihani wa marudio, na sapu ina ada yake kwa kila somo. Ukifeli na sapu unarudia. Hapo ndipo uulize: anayerudia somo moja analipia krediti (vipimo vya uzito wa somo) za somo hilo au muhula mzima? Kama muhula wako una krediti 20 kwa 1,000, krediti moja ni 50, na somo la krediti 3 ni 150. Chuo kingine kitakutoza 1,000 yote kwa somo hilohilo. Hata hivyo ada ya kurudia siyo inayotisha zaidi. Masomo ya uuguzi yamefungamana: usipofaulu misingi ya uuguzi huruhusiwi kwenda wodi za ngazi inayofuata, na somo lenyewe pengine hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Somo moja la muhula wa kwanza linaweza kuongeza mwaka mzima wa hosteli, bima na usajili. Ukiona alama za majaribio ya katikati ya muhula zinayumba, mwalimu wa ziada ni rahisi kuliko mwaka wa ziada.

Kuahirisha ni tofauti na kuacha, na fomu zake ni tofauti. Anayeahirisha kwa ugonjwa au uzazi, akiwa na barua ya daktari, mara nyingi huhifadhiwa ada yake kama salio badala ya kukatwa kwa lile jedwali. Jua mambo matatu: salio linakaa muda gani kabla halijafutwa, ukirudi utalipa ada ya zamani au mpya, na nafasi yako wodini inashikiliwa au unaingia foleni upya. Fomu ipelekwe ukiwa bado mwanafunzi mwenye usajili hai. Ugonjwa ukikushika ghafla, mtu wa nyumbani aipeleke kwa niaba yako na vyeti vya hospitali vifuate.

Sare yenye nembo ya chuo utainunua chuoni, hakuna namna, na nunua mbili maana ya wodini hufuliwa kila siku. Vifaa vingine si lazima. Omba orodha yenye sifa za kila kifaa, siyo majina tu, kisha ununue popote: stethoskopu ya watu wazima yenye pande mbili, saa yenye mshale wa sekunde wa kuhesabia mapigo, viatu vilivyofunika vidole na visivyoteleza. Mashine ya kupimia presha usiinunue hadi mwalimu wa vitendo aseme mnahitaji kila mtu yake, kwa sababu maabara za vyuo vingi huwa nazo za kushirikiana, na muuzaji wa langoni hatakwambia.